Damu Iliyohifadhiwa Seveso

Jumamosi, tarehe 10 Julai 1976, mtambo katika kiwanda cha kemikali cha ICMESA, kaskazini mwa Milan nchini Italia, ulipata joto kupita kiasi na kutoa wingu la sumu. Upepo ukalisukuma hadi Seveso. Siku chache baadaye sungura na kuku walianza kufa, na watoto wakatokwa na vipele vibaya usoni. Wingu lile lilibeba TCDD, dioksini yenye sumu kali kuliko zote.

Maabara ya hospitali ya Desio, mji wa karibu, chini ya Paolo Mocarelli, ilipima damu za wakazi, kisha ikagandisha zilizobaki badala ya kuzimwaga. Wakati huo hapakuwa na njia ya kupima dioksini katika damu kidogo namna ile. Ilipopatikana, damu ilikuwepo.

Miaka 20 baada ya ajali, Mocarelli na Brenda Eskenazi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandikisha wanawake 981, kila mmoja na damu yake ya wakati ule. Waliokuwa na dioksini nyingi walichelewa zaidi kushika mimba. Endometriosi, ugonjwa ambao tishu kama za utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake na kumtesa mwanamke wakati wa hedhi, ilielekea kuongezeka, ila waliothibitika kuugua walikuwa 19 tu, wachache mno kukata shauri. Fibroidi, uvimbe usio saratani wa mfuko wa uzazi, kinyume na matarajio, zilipungua.

Hapo wengi hukimbilia kusema kemikali zinasingiziwa. Sikubali. Dioksini hujishikiza kwenye kipokezi ndani ya seli na kuvuruga kazi za jeni nyingi, zikiwemo zinazohusika na kuvunjavunja homoni ya estrojeni, hivyo yaweza kuchochea tishu moja na kudumaza nyingine. Tena hujificha kwenye mafuta ya mwili, ikichukua miaka 7 au zaidi kupungua nusu. Msichana wa 1976 aliingia nayo kwenye ujauzito wake.

Plastiki za PVC tunazochoma uani pamoja na takataka nazo hutoa dioksini, japo si kwa wingi wa Seveso. Kliniki zetu za wajawazito huchukua damu kila siku kupima VVU, kaswende na upungufu wa damu. Mama akiridhia, kiasi kidogo kigandishwe kama ilivyofanywa Desio, kiandikwe tarehe na mtaa anakoishi, na kitunzwe hadi binti yake atakapokuwa mtu mzima.