Moto wa Kambi Haumzuii Kiboko

"Moto uwe mkubwa kiasi gani ili viboko wasisogee?" Kila kiangazi kikikaribia, wenye magari ya kulala huanza kupanga safari za Hanang, na swali hilo huanza kumiminika. Wengine wana Land Cruiser yenye hema juu ya paa, wengine wana Noah iliyong'olewa viti vya nyuma ikatandikwa godoro. Njia ni ileile: Arusha, Babati, Katesh, kisha kuiacha barabara kuu na kuambaa na mashamba ya ngano, yale yaliyopanuliwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 na 1980, hadi Ziwa Basotu lijitokeze limetulia ndani ya kreta yake. Maji ni baridi, si ya magadi. Ng'ombe wanateremka kunywa, ndege wametanda, na viboko wanakoroma majini. Wasafiri wameshanunua mafungu manne ya kuni. Kilichobaki ni kujua yanatosha au wakaongeze la tano.

Hayatoshi. Hata lori zima la kuni halitoshi, kwa sababu kiboko si mnyama wa kuzuiwa kwa moto.

Imani kwamba kila cha porini hukimbia miali imezoeleka mno, hata watu waliosoma huirudia bila kufikiri. Anayetaka kuipima aende Ziwa Naivasha, Kenya, akalale katika hoteli yoyote ya kando ya maji. Usiku atawaona viboko wakila majani ya bustani chini ya taa za umeme, huku walinzi wakiwasindikiza wageni kutoka mezani hadi vyumbani. Kama mwanga ungewatisha, walinzi hao wangeshapunguzwa kazi. Katika ziwa hilohilo, Agosti 2018, mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko akiwa anapiga picha, na mwenzake akajeruhiwa. Siku hiyohiyo mvuvi mmoja naye aliuawa na kiboko ziwani humo.

Mtu akitaka kuelewa, aanzie kwenye ngozi. Ngozi ya kiboko hupoteza maji haraka sana, ndiyo maana mchana kutwa hushinda majini. Giza likiingia hupanda nchi kavu kula, takribani kilo 40 za majani kwa usiku mmoja, na huweza kutembea kilometa kadhaa kuyafuata. Muda wote huo yuko ugenini, na akishtuka hana wazo jingine ila ziwa. Hatafuti mtu wa kumdhuru, anarudi kwao kwa njia aliyoizoea. Kilichosimama kwenye njia hiyo, kiwe mtungi wa gesi, kiti cha kukunja au mjomba wa mtu, kitagongwa au kitang'atwa. Dume la kawaida lina kilo 1,500 na zaidi, yaani uzito wa hiyo Noah. Meno yake ya chini hufikia nusu mita. Kasi yake kwa masafa mafupi ni kama kilometa 30 kwa saa. Usain Bolt alipoweka rekodi ya mita 100 kule Berlin mwaka 2009, wastani wake ulikuwa kama kilometa 37 kwa saa, na hakuwa amevaa kandambili.

Sasa moto unaongeza nini hapo? Unaongeza hatari. Watu huuwasha karibu na maji, mahali penye mandhari nzuri, yaani katikati ya malisho na ziwa, kisha wanaketi kuuzunguka na kumfungia mnyama mlango wa kurudia. Macho yao yameshazoea miali, hivyo mtu hawezi kuona chochote hatua kumi nyuma ya mgongo wake. Spika ya muziki nayo inafunika mlio wa majani yanayong'olewa gizani. Kiboko anasikia vizuri na ananusa vizuri. Katika kambi ile, asiyejua nani yuko wapi ni binadamu peke yake.

Haki itendeke: imani hii haikuota hewani. Wakulima wa kando ya maziwa na mito huwasha moto wakilinda mahindi, na viboko wakati mwingine huondoka. Lakini wakulima hawawashi moto tu. Wanapiga madebe na kupiga kelele wakiwa wengi, na muhimu kuliko yote, wanajua mnyama alipandia wapi, kwa hiyo wanamwachia upenyo wa kurudi majini. Msafiri ameiga kuni, akaacha maarifa. Hao hao wakulima, wakipata nguvukazi, hupendelea mtaro au ukuta mfupi wa mawe, maana kiboko hawezi kuruka. Ukuta wa kufika magotini unaweza kumgeuza, jambo ambalo moto haulifanyi.

Moto ukishakataliwa, huja swali la oili chafu: je, ikimwagwa kuzunguka gari? Hapa kuna mkorogo wa masomo mawili. Ni kweli vijiji vinavyosumbuliwa na tembo hutundika vitambaa vilivyolowekwa oili na pilipili ya kusaga kwenye kamba za uzio, kwa kuwa tembo hachukuliani na harufu ya pilipili. Oili pale kazi yake ni kuishika pilipili isioshwe na mvua. Kuimwaga kavukavu ardhini kando ya Basotu hakumzuii kiboko. Kunachafua maji ambayo watu wanachota na mifugo inakunywa, na mwenye ng'ombe akikukuta ukifanya hivyo ana haki ya kukufukuza kwa fimbo.

Na hoja ya "kiboko hali nyama" iishie hapa. Nyati naye hula majani.

Kosa lenyewe hasa hufanyika saa kumi na moja jioni, dereva anapochagua pa kuegesha. Huona uwanda wa majani mafupi, laini, yaliyokatwa sawasawa kama zulia, akashukuru Mungu kwa kambi ya bure. Majani hayo hayakukatwa na Mungu wala na halmashauri. Yamekatwa na midomo ya viboko, usiku baada ya usiku, na leo watarudi mezani kwao. Dalili nyingine ni vijia vilivyochimbika kutoka majini, vipana kama vya mkokoteni, na vichaka vilivyorushiwa kinyesi pembeni. Kiboko hukitawanya kwa mkia kuweka alama. Swali linalofaa kuulizwa Basotu halihusu kuni kabisa, na wa kuulizwa ni mchungaji au mvuvi: "Shikamoo mzee, viboko hupandia wapi usiku?" Jibu lake lina thamani kuliko tochi ya laki mbili.

Yaliyobaki ni mafupi. Piga hodi ofisi ya kijiji, omba kulala karibu na makazi, na ziwa likatazame mchana. Ukilazimika kulala porini, kaa mbali na vijia na majani mafupi, pua ya gari ikielekea barabarani. Usiingie kwenye korongo kavu kukwepa viboko: Desemba 3, 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani. Pika mapema, zima muziki, ingia ndani giza likiingia. Hema la juu ya paa ni salama hadi mtu ashuke ngazi saa nane usiku kujisaidia, basi beba kopo lenye mfuniko na aibu iwekwe kando. Ukimkuta kiboko nchi kavu, usikimbilie majini wala usimpige picha. Toka kwenye mstari wake, jifiche nyuma ya mti mnene au kichuguu, au panda. Akifungua kinywa wazi, huo si usingizi, anakuonya. Wala usitegemee fidia: kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama mkali. Hema la paa ni ghali kuliko hapo.

Mtumbwi? Novemba 2014, karibu na Niamey, Niger, kiboko alipindua boti la wanafunzi na watu 13 wakafa. Anayetaka kupanda aende na mvuvi wa Basotu anayejua kundi limelala upande gani, na mvuvi akisema leo hapana, arudi kwenye gari.