Usiende ziwani na ndoana yoyote tu!

Vijana wengi wa Mwanza wanaokwenda kuvua wikiendi hurudi kapa, halafu wanasingizia mkosi. Mkosi wapi! Sato ana mdomo mdogo, bwana. Mpe ndoana ndogo, mshipi mwembamba, chubwi nyepesi na chambo cha nyungunyungu. Kiboya kikizama, vuta taratibu.

Sangara ni mambo mengine. Huyo anakula samaki wenzake na anaweza kupita kilo 100, kwa hiyo mshipi mwembamba ataukata mchana kweupe. Beba mshipi mnene, ndoana kubwa na chambo cha samaki mdogo aliye hai.

Ila ukiopoa sangara asiyefika sentimita 50, mrudishe majini. Sheria hairuhusu, na ukimla leo, kesho utavua nini?