Seli za Ndugu Zinavyopambana na Limfoma

Limfoma ni saratani ya chembechembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili. Kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa kemo. Ikirudi, baadhi ya wagonjwa huwekewa seli shina za mtu mwingine, mara nyingi ndugu wa baba na mama mmoja. Kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa kikamilifu.

Wengi hudhani seli hizo huja kutengeneza damu mpya tu. La. Kinga ya mtoaji huja nazo, nayo huiona limfoma kama adui na kuishambulia, hata masalio yaliyoponea kemo. Ndiyo maana saratani ikijitokeza tena, daktari anaweza kupunguza dawa za kutuliza kinga, au kumwongezea mgonjwa chembechembe nyeupe za mtoaji yuleyule. Kwa baadhi, uvimbe hunywea.

Lakini kinga hiyo ngeni haichagui vizuri. Inaweza kugeukia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa mwenyewe, na inaweza kuua. Aliyepandikizwa akiona upele, macho ya manjano au kuhara kusikokoma, hata miezi kadhaa baadaye, amwone daktari siku hiyohiyo. Dawa asiziache kwa uamuzi wake.