Uchu wa odowa: Dalili ya damu iliyopungua

KATIKA masoko ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, mawe laini ya odowa huuzwa pamoja na nyanya na sukuma wiki. Wanunuzi wengi ni kina mama wajawazito, na baadhi yao huyatafuna kwa siri wakihofia kukaripiwa na waume au mama wakwe.

Wengi hudhani matatizo ya ulaji huwapata tu wanaojinyima chakula ili wakonde. La hasha. Uchu wa kula udongo, mkaa na vitu vingine visivyo chakula, ambao wataalamu huuita paika, umo katika kundi lilo hilo la maradhi, ingawa si kila anayeonja odowa ni mgonjwa.

Chanzo chake si kimoja. Wapo wanaotuliza kichefuchefu cha mimba na wapo waliozoea tangu utotoni. Hata hivyo, uchu huu huandamana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Utafiti kuhusu wajawazito wa Kilifi, uliochapishwa mwaka wa 1998, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu yao walikula udongo mara kwa mara, na kwamba waliokula walikuwa na uhaba mkubwa zaidi wa madini hayo.

Mimba humlazimu mama kutengeneza damu zaidi. Lakini penye kipato kidogo, mlo wa kila siku ni ugali na sukuma wiki, na chuma cha nafaka na mboga hufyonzwa na mwili kwa shida kuliko cha nyama.

Ajabu ni kwamba udongo wenyewe huweza kunasa chuma tumboni na kuzidisha uhaba uleule. Aidha, huweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mtoto aliye tumboni.

Kwa hivyo kumkaripia mama hakusaidii. Afadhali amweleze mhudumu wa kliniki bila aibu, apimwe damu. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Vidonge vya madini ya chuma, omena na maharagwe pamoja na chungwa au ndimu humfaa, nayo chai isinywewe pamoja na chakula. Damu ikirejea, mara nyingi uchu nao hutoweka.