Majina Huhesabu Watoto, Nani Atahesabu Mashamba?

Katika milima ya Lubero, Butembo na Beni, ukisikia jina la mtu waweza kujua mara moja mahali pake katika nyumba ya wazazi wake. Paluku au Mumbere ni mwana wa kwanza wa kiume, Kambale ni wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, Mbusa wa sita. Masika ni binti wa kwanza. Na mtoto anayezaliwa baada ya mfululizo wa wasichana kugeuka kuwa wa wavulana, aweza kuitwa Muhindo, yaani mgeuzo. Desturi hii si ya Wanande wa Kongo peke yao, ambao wengi hujiita pia Wayira. Ukivuka mlima Rwenzori ukaingia Uganda, utawakuta ndugu zao Wakonjo, nao wana akina Baluku, Bwambale, Masereka, Kule na Thembo.

Wazee waliotuachia majina haya walikuwa na hekima. Hakuna mtoto aliyezaliwa bila kuhesabiwa. Lakini leo, wapendwa wasomaji, yafaa tuulize swali jingine. Watoto tumewahesabu vizuri. Je, mashamba tumeyahesabu? Kwa maana kila jina linaloongezwa katika nyumba ya mkulima ni mdomo wa kulishwa, ni mikono ya kulima, na siku moja litakuwa ni mtu anayeuliza: Baba, na mimi nitalima wapi?

NCHI YA MILIMA

Mji wa Butembo umejengwa juu ya vilima, kiasi cha meta 1,750 juu ya bahari, na mstari wa ikweta wapita kusini yake kidogo. Jua ni la ikweta, lakini asubuhi baridi humlazimisha mtu kuvaa koti. Mvua huja kwa misimu miwili, hivyo mkulima aweza kupanda maharage na mahindi mara mbili kwa mwaka. Ukipanda juu zaidi, upande wa Masereka, Kipese na Lubero, wakuta mashamba ya viazi vya kizungu, ngano, vitunguu na kabichi. Ngano na viazi viliingia katika milima hii zamani za Wabelgiji, navyo vikakubaliwa na udongo kama wenyeji. Upande wa Kyondo kuna kahawa ya arabika. Ukiteremka kwenda Beni, mwendo wa kilometa hamsini na kitu kutoka Butembo, wafika katika nchi yenye joto, inayopakana na msitu mkubwa. Huko ni muhogo, mpunga, michikichi na kakao.

Nchi nzuri namna hii yapasa kuwashibisha watu wake, na kweli imewashibisha. Tena imelisha miji. Malori yaliyojaa viazi, maharage na vitunguu huteremka kutoka milimani kwenda katika masoko ya Butembo na mbali zaidi. Wafanyabiashara wa Butembo wanaojulikana hata Dubai na Uchina ni watoto wa wakulima, na mitaji ya wengi ilianzia katika gunia la maharage au la kahawa.

KAZI YA MAMA, KAZI YA BABA

Tukisema "mkulima", aghalabu twafikiri mwanamume mwenye jembe begani. Lakini tazameni njia za vijijini alfajiri. Anayetangulia ni mama, mtoto mdogo akiwa kifuani au mgongoni, jembe mkononi. Yeye ndiye apandaye maharage, apaliliaye na avunaye. Jioni hurudi na mzigo wa kuni au muhogo mgongoni, umeshikwa na ukanda unaopita kipajini mwa uso. Akifika nyumbani kazi haijaisha: maji, moto, ugali, sombe, na watoto wa kuogesha.

Baba hukata miti, huvunja ardhi mpya, hutunza migomba na kahawa, hujenga nyumba na kuangalia mbuzi. Watoto huchunga, huteka maji, hufukuza ndege, na wakitoka shuleni hushika jembe kidogo. Hivyo shamba limekuwa ni shule ya pili. Mtoto hujifunza humo kwamba chakula hakitoki sokoni, na kwamba anayechelewa kupanda atachelewa kula.

KYAGHANDA

Zamani kila ukoo ulikuwa na kyaghanda, ile nyumba ya mazungumzo ambamo wanaume walikusanyika jioni kuuzunguka moto. Wageni walipokelewa humo, vijana walifundishwa humo, na ugomvi ulikatwa humo. Humo pia yalipangwa mambo ya ndoa. Mahari ya Wanande yalihesabiwa kwa mbuzi, na mbuzi hao hawakutoka kwa baba peke yake. Baba wakubwa na baba wadogo walichangia, kwa kuwa bibi arusi aliingia katika ukoo mzima.

Kijana aliyeoa alionyeshwa pia mahali pa kulima. Ardhi ilikuwa chini ya ulinzi wa mwami na wakubwa wa vilima, na mkulima alitoa kodi yake ya desturi, mara nyingi mbuzi, kuonyesha kwamba anatambua ni nani aliyempa ruhusa. Kama kilima kimejaa, wazee walisema tu: nenda kilima kile cha pili, msitu ungaliko. Jambo hili ndilo msingi wa yote. Kyaghanda iliweza kuwapatanisha ndugu kwa sababu nje ya kyaghanda ardhi ilikuwa tele.

SHAMBA LIKIKATWA

Tuseme babu alikuwa na hekta 4, naye alizaa wana wanne: Paluku, Kambale, Kasereka na Kakule. Kila mmoja alipata hekta 1. Si haba. Kila mmoja naye akazaa wana wanne. Wajukuu wale kila mmoja apata robo ya hekta, yaani kipande chenye meta 50 kwa meta 50. Kipande hicho ni kama theluthi moja ya uwanja wa mpira wa miguu. Na bado hatujamtaja Masika na dada zake, wala mama mjane.

Katika robo hiyo ya hekta yapasa kupanda maharage, muhogo, ndizi na miti ya kuni. Yapasa pia kujenga nyumba na choo. Zamani shamba lilipochoka liliachwa lipumzike miaka kadhaa. Leo halipumziki hata msimu mmoja. Mteremko ni mkali, mvua ni nyingi, na udongo mweusi wateremka kila mwaka kwenda mtoni. Basi mavuno hupungua hata kama mama anaongeza saa za kulima. Ndipo ndugu waanza kusogeza mpaka usiku, hatua moja leo, hatua moja kesho. Ndipo kesi huanza, na mbuzi waliokuwa wa mahari huuzwa kulipia kesi.

NJIA YA BENI

Kwa miaka mingi, tangu zamani za Wabelgiji, nchi hii ilikuwa na jibu. Wale waliokosa ardhi milimani waliteremka: wengine magharibi kuelekea Manguredjipa, wengine kaskazini kuelekea Beni, Oicha, Eringeti, hata kuvuka mpaka wa Ituri. Walikata msitu, wakapanda kahawa ya robusta. Ugonjwa wa kunyauka ulipoiua mibuni yao, wengi hawakukata tamaa, wakapanda kakao. Kambale na Kasereka walipata huko bondeni yale ambayo Paluku hakuweza kuwagawia juu mlimani.

Lakini tangu Oktoba 2014 njia hiyo imejaa machozi. Katika wilaya ya Beni, na baadaye Ituri na Lubero, wapiganaji wa ADF wamewaua watu kwa maelfu, wengi wao wakulima waliokutwa mashambani. Serikali ilitangaza utawala wa kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri mwezi wa Mei 2021, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule majeshi ya Kongo na Uganda yalianza vita pamoja dhidi yao. Mauaji hayakukoma. Septemba 2025, kijijini Ntoyo, upande wa Manguredjipa, watu zaidi ya 60 waliuawa walipokuwa wamekusanyika katika kilio. Upande wa kusini nako, vita vya M23 vilifika Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024, vikawafukuza wengine kutoka vijiji vyao.

Ndiyo maana jamaa nyingi zimerudi Butembo na milimani, wakibeba godoro na sufuria. Kakao imebaki kule, imeiva, pengine inavunwa na mwingine. Naye Kambale aliyerudi amsimamia ndugu yake mlangoni. Amwambie nini? Kipande chake cha zamani kimekwisha kulimwa na watoto wa Paluku. Hapo ndipo undugu wapimwa kweli.

WALIVYOFANYA WENGINE

Wengine waweza kudhani kwamba taabu hii ni ya Waafrika peke yao. Sivyo. Uingereza, kwa karne nyingi, baba akifa bila wasia ardhi yote ilimwendea mwana wa kwanza wa kiume. Shamba halikukatwa, lakini wadogo walitoka mikono mitupu, wakawa vibarua, askari, mabaharia au mafundi mijini. Katika jimbo la Kent desturi ilikuwa tofauti: wana wote wa kiume waligawana sawa. Sheria za mwaka 1925 zikaziondoa desturi hizo zote mbili.

Ufaransa na Ubelgiji zilifuata kitabu cha sheria cha Napoleon cha mwaka 1804, kilichowapa watoto wote sehemu sawa. Katika nchi ya Flandria mashamba yakawa madogo sana. Wakulima wa huko wakajulikana kwa kushikilia samadi na kwa kutoacha hata upembe wa shamba ukae bure. Mbinu hiyo haikuondoa umaskini wote, lakini yatufundisha kwamba shamba dogo lina dawa moja tu, nayo ni kulishwa kabla ya kutulisha.

SHERIA YA KWETU YASEMAJE?

Sheria ya Kongo ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Lakini vijijini watu wangali wakiipata kwa njia ya desturi. Kuhusu urithi, Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 iko wazi. Watoto wa marehemu hupata robo tatu za urithi, nao hugawana sawa, wavulana kwa wasichana. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe, na haki ya kutumia nusu ya shamba lililoambatana na nyumba hiyo, walilokuwa wakililima wenyewe.

Ni wangapi vijijini wanaojua jambo hili? Mara nyingi matanga hayajaondolewa, mjane aambiwa arudi kwao. Masika aambiwa kwamba urithi wake ni kwa mume wake. Na kule kwa mume aambiwa kwamba yeye ni mgeni. Hivyo yule aliyelima zaidi ya wote hana hata tuta moja lililo lake.

YAFAAYO KUTENDWA

Kwanza, baba asingoje kufa. Angali na nguvu, amwite mama, watoto wote wa kiume na wa kike, majirani wa mipakani na mkubwa wa kijiji. Wauzunguke mpaka kwa miguu, wapande mimea ya mpaka, waandike karatasi, na mashahidi watie sahihi. Karatasi ya siku moja huzuia kesi ya miaka kumi.

Pili, si kila shamba lafaa kukatwa. Ndugu mmoja akiwa fundi seremala au mwalimu mjini, mwenzake anayelima aweza kumlipa fungu lake kidogo kidogo, kwa mavuno au kwa karo ya watoto. Nacho kipande kidogo kisichogawanyika chaweza kulimwa kwa zamu.

Tatu, udongo ulishwe. Mbuzi wafungwe zizini ili samadi isipotee njiani. Majani ya malisho yapandwe kwa safu kukata mteremko, yazuie udongo na kulisha mbuzi. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi. Wako wataalamu wa kilimo waliosomeshwa Butembo kwenyewe, katika Chuo Kikuu cha Graben kilichoanzishwa mwaka 1989, na viko vyama vya wakulima. Kuuliza si aibu.

Nne, vijana, msione haya kujifunza kazi ya mikono pamoja na kilimo. Lakini msiuze kipande cha baba ili kununua pikipiki. Pikipiki huchakaa, ardhi ikiuzwa, hata wajukuu wenu hawatairudisha.

Tano, asiyekuwapo ahesabiwe. Yule aliyekimbia vita hakuiacha ardhi yake kwa hiari, na yule aliyerudi kutoka Beni hakukosa kwa kuwa hai. Asipewe yote aliyoyaacha, kwa kuwa wengine wamekwisha kula jasho lao humo. Lakini asinyimwe mahali pa kupanda maharage ya msimu huu. Na mashamba aliyoyaacha bondeni, jamaa waandike majina yake na mipaka yake sasa, wakati mashahidi wangali hai, ili amani itakaporudi yeye au watoto wake waweze kuyadai.

Wazee walituachia desturi ya kumpa kila mtoto jina la hesabu, ili asisahauliwe hata mmoja. Basi, siku ya kugawa shamba, majina yaitwe yote kwa utaratibu: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, Mbusa, na Masika asiachwe nje ya mlango.