Stadi za Mwendo Michezoni (Sehemu ya Pili): Zilizofungwa na Zilizo Wazi

Wiki iliyopita tulizigawa stadi za mwendo kwa ukubwa wa misuli inayotumika. Mtupa mkuki huitumikisha misuli ya miguu, kiuno na bega. Mtoto anayecheza mdako, akirusha kijiwe juu na kukomba vingine kutoka kishimoni kabla hakijatua, hutegemea vidole. Leo tunaingia kwenye mgawanyo ninaouona una manufaa zaidi kwa mwalimu wa michezo: stadi zilizofungwa na stadi zilizo wazi.

Kinachoamua hapa ni mazingira. Stadi iliyofungwa hufanyika mahali palipotulia, na mchezaji mwenyewe huamua aanze lini na kwa kasi gani. Stadi iliyo wazi hutegemea mambo yasiyo mikononi mwake: mpinzani, mwenzake, upepo, mpira unaodunda vibaya. Wazo hili halikuzaliwa uwanjani. Mwanasaikolojia wa Uingereza, E. C. Poulton, alilieleza mwaka 1957 akizungumzia kazi za viwandani, na mwaka 1963 Barbara Knapp akalileta kwenye michezo. Knapp alisisitiza jambo ambalo wengi hulisahau: hizi ni ncha mbili za mstari mmoja, na stadi nyingi ziko mahali fulani katikati.

Kwa kuwa wazo lilianzia kazini, tulipime Kariakoo. Fundi cherehani aliyeketi barazani ana kitambaa kilekile, mashine ileile, pedeli ileile. Kazi yake iko karibu na ncha ya kufungwa. Hatua chache kutoka hapo, katika Mtaa wa Kongo, mbebaji anapita na gunia kichwani. Mteja anasimama ghafla mbele yake kuuliza bei. Mkokoteni unakata kona. Mmachinga ametandaza bidhaa mahali palipokuwa njia jana. Kila baada ya hatua mbili tatu mbebaji analazimika kupanga upya aweke mguu wapi. Mpe gunia hilohilo alfajiri, mtaa ukiwa mtupu: uzito haujapungua hata kilo moja, lakini stadi imesogea upande wa pili. Ndiyo maana hatuwezi kuitaja stadi bila kutaja hali inamofanyika.

Penalti inalionyesha hilo vizuri kuliko tukio lolote la soka. Mpira umetulia mita 11 kutoka langoni, filimbi imelia, mpigaji anachagua kona yake. Kwake, stadi imekaribia kufungwa. Kwa kipa ni wazi kabisa. Mpira uliopigwa kwa nguvu hufika langoni kwa takriban nusu sekunde au chini ya hapo. Akisubiri auone umeelekea wapi, amechelewa. Inambidi asome nyonga na mguu wa kuegemea kabla mpira haujaguswa. Mwaka 2003 Simba iliwatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti jijini Cairo, Juma Kaseja akiwa langoni. Sisi watazamaji huona kuruka kwa kipa. Kazi kubwa huwa imeshafanywa na macho.

Kuna pia swali la nani anaiongoza kasi. Katika mbio za mita 1500 wakimbiaji wengi hupenda kumfuata mtu na kungoja mzunguko wa mwisho. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alikataa kungoja. Aliongoza tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker aliyemfuata naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Bayi alizigeuza mbio kuwa za kasi yake mwenyewe, na wapinzani ndio waliolazimika kuitikia.

Nimelisema hili kwa kirefu kwa sababu ya mazoezi. Mfungaji wa netiboli anafaidika na marudio mengi ya namna moja, maana pete haihami, iko mita 3.05 juu daima. Lakini mtoto anayezungusha mpira kwenye koni kila jioni anajifunza stadi iliyofungwa, kisha Jumamosi tunamtaka acheze iliyo wazi. Koni haikabi. Inafaa kwa anayeanza, ili aujue mpira, na baada ya hapo lazima aingizwe mkabaji, kwanza anayetembea, kisha anayekimbia, kisha wawili.

Watoto wetu wana shule nzuri ya stadi zilizo wazi, nayo ni chandimu na rede. Mtazame msichana wa rede: wawili wanamrushia mpira kutoka pande mbili, naye katikati anajaza chupa mchanga kwa mkono mmoja, jicho liko kwa mrushaji, anainama, anaruka, anarudi kwenye chupa. Hakuna aliyempangia ainame lini. Nashangaa kwamba mchezo huu hauheshimiwi kama mazoezi.

Mwalimu unayesoma makala haya, chukua karatasi uyaandike mazoezi yote ya wiki hii, uyatenge ya koni na ya mkabaji. Kama upande wa koni umejaa, rekebisha kabla ya Jumatatu. Wiki ijayo tutaona jinsi ya kugawa muda kati ya pande hizo mbili kwa watoto wa darasa la tatu hadi la saba.