Keria ya Baiskeli kwa Vani ya Kambi: Pima Kwanza, Lipa Baadaye

Umeshaweka kitanda na jiko la gesi kwenye Noah ama Suzuki Every yako. Sasa unataka kubeba baiskeli mbili hadi Hell's Gate, Naivasha, mbuga ambayo unaweza kuendesha baiskeli huku pundamilia wakila nyasi kando ya njia. Unaona keria mtandaoni, bei ni poa, na muuzaji anakwambia utume pesa leo kabla mwingine hajaichukua.

Ngoja kidogo. Keria isiyotoshea gari lako ni pesa iliyolala. Iliyofungwa vibaya inaweza kuangusha baiskeli barabarani, mbele ya anayekufuata.

Kuna aina tatu kuu

1. Ya juu ya gari. Inaacha mlango wa nyuma ukiwa huru. Lakini Noah ina urefu wa karibu mita 1.8 kwenda juu, na baiskeli iliyosimama huongeza zaidi ya mita moja. Ukisahau ukaingia maegesho ya chini ya jengo, utagonga. Na kama juu umeshaweka sola, nafasi huenda imeisha.

2. Ya mlango wa nyuma. Hii hushikiliwa na mikanda na ndoano, na kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu. Shida ni kwamba mlango wa Noah na wa Every hufunguka kwenda juu. Kama jiko liko nyuma, utashusha baiskeli kila ukitaka kupika chai. Hakikisha pia ndoano zinashika ukingo wa chuma, sio plastiki wala kioo.

3. Ya kufunga kwenye chuma cha kuvutia trela. Ni imara, na huinui baiskeli juu sana. Gari nyingi ndogo hazina chuma hicho, kwa hivyo weka gharama ya kukifunga kwenye hesabu yako.

Fanya hesabu ya uzito

Chuma cha trela kina kikomo chake. Tuseme ni kilo 75. Baiskeli mbili za kilo 15 kila moja, pamoja na keria ya kilo 18, ni kilo 48. Hapo uko sawa. Lakini baiskeli mbili za umeme za kilo 25 kila moja zitafikisha jumla kilo 68, na umebaki na kilo 7 tu. Keria yenyewe pia ina kikomo, kwa hivyo fuata kilicho kidogo zaidi. Kama fundi wa jua kali ndiye anakuchomelea, mwambie uzito wa baiskeli zako kabla hajakata chuma.

Ukishapakia, zunguka nyuma uangalie. Je, taa za breki, indiketa na nambari ya gari zinaonekana? Zikifichwa, polisi watakusimamisha, na dereva wa nyuma hataona ukipiga breki.

Sasa lipa

• Omba muuzaji akutumie picha na vipimo, kisha ulinganishe na gari lako. Ikiwezekana, ijaribu kwenye gari kabla ya kutoa hata shilingi.
• Lipa kwa nambari ya Till ya biashara badala ya nambari ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Kama silo ulilotarajia, katisha.
• Kwa fundi, toa pesa za vifaa kwanza, na salio umalizie keria ikishafungwa na kujaribiwa.
• Weka ujumbe wa malipo. Ndio risiti yako ukirudi kudai.

Kumbuka, pesa uliyoidhinisha kwa PIN yako hairudi kirahisi. Mara nyingi itabidi aliyepokea akubali kuirudisha.

Na kama unaenda mara moja tu kwa mwaka, huenda huhitaji keria kabisa: karibu na lango la Hell's Gate kuna baiskeli za kukodisha. Linganisha gharama hiyo na bei ya keria kwanza. Njia yoyote utakayochagua, kiingilio cha mbuga hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo hakikisha una salio kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani.